Isawa Shuji: Mwalimu Aliyeshindwa Kuimba

Muhula uliopita lekchara wetu wa Historia ya Elimu aligawa majina ya walimu wakubwa wa dunia. Kila kundi likatafute maisha ya mtu wake, kisha lije kuyaeleza mbele ya darasa. Wenzetu walipata Froebel, Pestalozzi, Dewey, na kundi lenye bahati likapata Mwalimu Nyerere. Sisi tukapewa Isawa Shuji, Mjapani. Kusema kweli tulinung'unika, maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia jina hilo, ingawa kwao ni mtu anayejulikana sana. Na kwa kuwa mimi nilichelewa kikao cha kwanza, wenzangu wakapitisha kwamba ndiye nitakayesimama kuzungumza. Adhabu ya kuchelewa.

Wanaonifahamu hapa chuoni wanajua kwamba nina kigugumizi. Herufi zinazofumba midomo, m na b, ndizo zinazonitesa zaidi. Siku ya presentesheni nilikwenda vizuri mpaka nilipofika mahali pa kumtaja Mmarekani mmoja aitwaye Mason. Hapo ulimi ukagoma. Darasa zima likanisubiri, wengine wakaangalia chini kwa huruma, na huruma ndiyo inayouma kuliko kicheko. Nikakaa, mwenzangu akamalizia. Alama tulipata, tena nzuri tu.

Lakini yule Mjapani sikumalizana naye. Nilirudi maktaba peke yangu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba tulieleza nusu ya habari. Tulisema aliwafundisha watoto wa Japani kuimba. Hatukusema yeye mwenyewe alishindwa kuimba, hatukusema alikwenda kufanya nini Taiwan, wala hatukusema alimalizia uzee wake akifanya kazi gani. Basi naomba nimalizie presentesheni yangu hapa, kwa maandishi, mahali ambapo ulimi hauna nafasi ya kugoma.

MPIGA NGOMA WA TAKATO

Isawa alizaliwa mwaka 1851 huko Takato, mji mdogo wenye ngome katikati ya milima, sehemu ambayo leo ni mkoa wa Nagano. Baba yake alikuwa samurai wa daraja la chini, yaani mtu mwenye upanga na heshima, ila mfuko mwepesi.

Japani ya wakati huo ilikuwa imejifungia mlango kwa zaidi ya miaka 200. Mtoto huyo akiwa na miaka miwili tu, mwaka 1853, meli za kivita za Marekani zikatia nanga karibu na mji mkuu na kudai mlango ufunguliwe. Watawala wa majimbo wakashtuka. Wakaanza haraka kuwafundisha askari wao kupiga kwata kwa mtindo wa Kizungu, na kwata hiyo ilihitaji ngoma ya kushika hatua. Isawa alipokuwa kijana akawekwa kwenye kikosi cha wapiga ngoma. Huo ndio uliokuwa mlango wake wa kuingilia muziki wa kigeni: fimbo mbili, ngozi iliyokazwa na miguu ya askari.

Mwaka 1868 utawala wa zamani ukaanguka na enzi ya Meiji ikaanza. Jimbo lake likamtuma Tokyo kusoma, na mwaka 1872 akaingia kazini katika Wizara ya Elimu. Mwaka huohuo ndipo ilipotoka sheria ya kwanza ya elimu kwa nchi nzima. Masomo ya shule ya msingi yakaorodheshwa, na kuimba kukawamo. Ila pembeni ya somo hilo iliwekwa kauli kwamba kwa sasa liachwe kwanza. Walimu hawakuwepo, vitabu havikuwepo, na hakuna aliyejua hasa mtoto wa shule aimbishwe nini. Sisi wa kitivo cha elimu hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Somo lipo kwenye ratiba, mwalimu wake hayupo.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 23, Isawa akafanywa mkuu wa chuo cha ualimu cha Aichi, mjini Nagoya. Fikiria, jamani: mwaka mmoja tu mbele ya umri wangu, naye ni mkuu wa chuo. Alikuwa amesoma mawazo ya Froebel, kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza na kwa kuutumia mwili wake. Akaona kwamba kama ni michezo na nyimbo, watoto wa mitaani tayari wanazo. Akamwomba mzee mmoja msomi, Nomura Akitari, azikusanye nyimbo za watoto wa sehemu ile.

Miongoni mwa zilizopatikana ulikuwamo mmoja wa kipepeo. Watoto walikuwa wakimwita kipepeo atue kwenye jani, na akilichoka hilo ahamie kwenye ua. Ni wimbo wa majira yale baridi inapokwisha, majani yanachipua na wadudu wanarudi. Nomura akautengeneza maneno yake ukae sawa. Naomba msomaji amshike kipepeo huyo, maana tutakutana naye tena.

MACHOZI YA BRIDGEWATER

Mwaka 1875 serikali ikawachagua vijana watatu waende Marekani kujifunza jinsi walimu wanavyoandaliwa. Isawa akapelekwa chuo cha ualimu cha Bridgewater, katika jimbo la Massachusetts. Masomo mengine aliyamudu. Lililomshinda lilikuwa moja: kuimba.

Tatizo halikuwa uvivu. Nyimbo nyingi alizokua nazo zilijengwa juu ya sauti tano. Ngazi ya Kizungu ina saba, na zile mbili zilizozidi, ya nne na ya saba, yaani fa na si, hazikukaa sikioni mwake wala kooni. Wenzake wakipanda ngazi, yeye anateleza kwenye kidato cha nne. Tena ni darasani, mbele ya watu.

Mkuu wa chuo, Albert Boyden, akamwonea huruma. Akamwambia kwamba kwa mtu aliyetoka mbali kiasi kile halitakuwa kosa, asamehewe somo la kuimba aendelee na mengine. Inasimuliwa kwamba Isawa alikwenda chumbani na kulia siku tatu. Wenzangu wa kwenye kundi waliposoma habari hiyo walicheka. Mimi sikucheka, maana naujua msamaha wa namna hiyo. Nilipokuwa darasa la tano mwalimu mmoja alinisamehe kusoma kwa sauti, akaniruka mimi na kwenda kwa aliyekaa nyuma yangu, akaendelea kuniruka mpaka nilipomaliza darasa la saba. Alifanya hivyo kwa wema kabisa. Lakini mtoto anayerukwa hutoka pale akiwa amejifunza jambo moja tu: kwamba hategemewi.

Isawa alikataa kurukwa. Akasikia kuna mtu Boston anaitwa Luther Whiting Mason, msimamizi wa muziki katika shule za msingi za mji ule, hodari wa kufundisha watoto wadogo. Akamfuata. Siku za mapumziko akawa anakwenda nyumbani kwake kujifunza kuimba, na wakiwa hukohuko wawili hao wakaanza kuijaribu kazi ya kutia maneno ya Kijapani kwenye sauti zilizokuwa katika chati za Mason. Kidogo kidogo, fa na si zikaingia.

Kulikuwa na tatizo la pili, Kiingereza. Matamshi yalimsumbua. Mwalimu aliyempata kwa hilo alikuwa Alexander Graham Bell, kijana wa Kiskoti aliyekuwa akifundisha viziwi kusema. Baba yake Bell alikuwa amebuni alama za maandishi zinazoonyesha ulimi, midomo na koo vikae vipi ili sauti fulani itoke. Kwa alama hizo, mtu aliweza kuitoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Isawa akazisoma na kuzishika. Siku zilezile Bell alikuwa akihangaika na chombo chake kipya, simu, na husimuliwa kwamba Isawa na Mjapani mwenzake walikuwa wa mwanzo kabisa kuongea lugha nyingine isiyo Kiingereza ndani ya simu. Kwa hiyo kabla simu haijawa biashara, Kijapani kilikwisha kupita kwenye waya.

Mwaka 1878 akarudi nyumbani. Alikwenda Marekani akiwa na ulimi uliomwaibisha mara mbili, kwa wimbo na kwa lugha, na akarudi akiamini kwamba hakuna ulimi usionyooka ukipata mwalimu na mbinu. Imani hiyo ndiyo iliyojenga kila alichokifanya baadaye. Nzuri imo, na mbaya imo.

KITABU CHA MAJIRA YA KUCHIPUA

Mwaka 1879 alifanywa mkuu wa chuo cha ualimu cha Tokyo, na mwaka huohuo akakabidhiwa ofisi mpya ya serikali ya kuchunguza muziki wa shule. Mpango wake ulikuwa na mambo matatu. La kwanza, kuchanganya muziki wa Mashariki na wa Magharibi upatikane muziki mpya. La pili, kuandaa watu wa kuuendeleza. La tatu, kuuingiza shuleni. Machi 1880 Mason mwenyewe akawasili Japani kuja kumsaidia mwanafunzi wake wa zamani. Wakafundisha watoto wa shule za mazoezi na wa chekechea, wakawaita wanamuziki wa ikulu waliokuwa wakipiga muziki wa kale, wakawaita watunzi wa mashairi, na kazi ikaanza.

Ugumu wao ulikuwa wa maneno. Sauti zilikuwa tayari, nyingi zilitoka Ulaya na Marekani, lakini Kijapani hakikai kwenye sauti ya Kijerumani kwa kulazimishwa. Kila silabi ipate nafasi yake. Watu wa kwaya watanielewa. Sisi tuliokulia Kipalapala, kando ya seminari na mitambo ya uchapaji ya misheni, tuliimba tangu utotoni nyimbo za kanisa zenye sauti za Ulaya na maneno ya Kiswahili. Zipo zinazoteleza kama maji, na zipo ambazo neno linavutwa kama mpira mpaka linapoteza maana. Waliozitia maneno walikuwa kwenye mtihani uleule.

Kitabu cha kwanza cha nyimbo za shule ya msingi kina tarehe ya mwaka 1881, cha pili kikatoka 1883 na cha tatu 1884. Kupata picha ya wakati ule, wakati kitabu cha kwanza kinaandaliwa, misafara ya pembe za ndovu ilikuwa bado inapita Tabora kwenda na kutoka Bagamoyo, na Mirambo alikuwa hai Urambo. Kilipotoka cha tatu ndio mwaka Mirambo aliofariki. Wapagazi wetu wa Kinyamwezi walibeba nyimbo kutoka bara mpaka pwani na kurudi na nyingine. Isawa alizibeba kwa meli.

Katika vitabu vile nyimbo za majira ya kuchipua zina nafasi kubwa. Upo mmoja wa kitabu cha pili unaosifu maua ya sakura yaliyojaa mpaka mtazamaji anashindwa kujua kama ni ukungu au ni mawingu. Sauti yake ni ya Kijerumani, ya wimbo unaoshangilia ndege kurudi baada ya baridi. Upo mwingine, Miwataseba, unaomwonyesha mtoto mierebi iliyochipua kijani na sakura pamoja, kisha ubeti wa pili unahamia kwenye rangi za majani ya vuli. Chimbuko la sauti yake ni opera ya Jean-Jacques Rousseau. Ndiyo, Rousseau huyuhuyu wa Emile tunayemkariri usiku wa kuamkia UE. Kumbe alikuwa pia mtunzi wa muziki! Watoto wa Japani wanaiimba sauti hiyo mpaka leo, ila kwa maneno mengine kabisa, wakifumba na kufumbua viganja.

Na yupo kipepeo wetu wa Nagoya. Maneno yaliyookotwa kwa watoto wa Aichi yakawekwa juu ya sauti ambayo Wajerumani wanaiimba wakimzungumzia mtoto mdogo anayeondoka nyumbani kwenda duniani peke yake. Waingereza na Wamarekani wakiiimba wanapiga makasia ya mtumbwi. Japani ikawa sauti ya kipepeo. Ukimwambia Mjapani wa leo kwamba ni ya Wajerumani anaweza kukubishia, kwa sababu bibi yake aliuimba, na bibi wa bibi yake.

Lakini kipepeo yule hakuingia kitabuni peke yake. Maneno yalimwambia acheze kwenye sakura za enzi inayostawi, yaani enzi ya Mfalme wa Meiji. Isawa hakuficha lengo. Alieleza kwamba mtoto akimwona kipepeo akicheza kwa raha kwenye maua, atambue kwamba na yeye anacheza kwa raha kwa sababu anaishi chini ya utawala mwema, na hivyo ajisikie ana deni kwa taifa lake. Mtoto wa miaka sita! Alitaka kipepeo afundishe siasa. Na alijua anachofanya, kwa sababu kitu unachokiimba ukiwa na miaka sita hukifikirii mara mbili ukiwa na 20. Kinakuwa kama harufu ya nyumbani.

Mason aliondoka mwaka 1882. Ofisi ile ya muziki ikakua, na mwaka 1887 ikawa Chuo cha Muziki cha Tokyo. Isawa akawa mkuu wake wa kwanza. Mwanafunzi aliyemaliza miaka ya baadaye katika chuo hicho, Taki Rentaro, alitunga wimbo maarufu wa sakura za Mto Sumida na nyimbo kadhaa za chekechea, kisha akafa kwa kifua kikuu mwaka 1903 akiwa na miaka 23. Kizazi cha mwalimu kilikuwa kimetia maneno kwenye sauti za wageni. Mwanafunzi akatunga sauti zake mwenyewe. Kwa hilo Isawa alifaulu, tena sana. Wakati huohuo alikuwa ameandika kitabu cha elimu ya ualimu, kati ya vya kwanza kabisa kwa Kijapani, ili walimu wa nchini wasome taaluma yao kwa lugha yao.

Hapo ndipo kundi letu lilipoishia siku ile. Makofi, tukakaa.

MLIMA WA SHIZANGAN

Mwaka 1895 Japani iliishinda China vitani na kuichukua Taiwan. Isawa akaenda mara moja kuwa mkuu wa elimu katika serikali ya kikoloni. Katikati ya mwaka ule, wananchi wakiwa bado wanapigana na jeshi la Japani, akafungua darasa juu ya kilima kiitwacho Shizangan, kando ya Taipei. Wanafunzi walikuwa wachache sana. Somo kubwa lilikuwa Kijapani.

Tusimwonee. Aliwataka walimu wake wajifunze lugha ya wenyeji, na aliamini mioyo haishikwi kwa bunduki. Lakini lengo lilikuwa lilelile la kipepeo, safari hii kwa watoto wa watu wengine: waongee kama sisi, waimbe kama sisi, mwisho wajione ni sisi. Tarehe 1 Januari 1896, Isawa akiwa amerudi Japani, wapiganaji wa Taiwan waliwashambulia walimu wa Shizangan na kuwaua sita. Kwa miaka mingi Japani iliwaenzi walimu hao kama mashahidi wa elimu. Ukiwauliza waliokuwa wanapokonywa nchi, walimu wale walikuja pamoja na jeshi. Mimi nawasikitikia wale sita, walikuwa vijana wa kazi yetu. Na bado naelewa kwa nini kilima kile hakikuonekana ni shule.

Isawa alirudi, akaongeza walimu, shule za kufundisha Kijapani zikafunguliwa sehemu mbalimbali za kisiwa. Mwaka 1897 akaacha kazi kwa kutoelewana na wakubwa kuhusu fedha.

Kwetu Tabora tuna historia ya kulielewa jambo hili bila maelezo marefu. Shule kongwe ya Tabora ilijengwa na Waingereza ili kuwaandaa watoto wa machifu waje kusaidia utawala wao. Ilitoa wasomi, ilimpitisha Nyerere mwenyewe, na wasomi hao ndio waliokuja kuuondoa utawala huo. Mambo ya elimu hayaendi kwenye mstari mnyoofu. Lakini nami nimewahi kuvaa kibao. Katika shule moja ya sekondari niliyosoma, ukikamatwa unaongea lugha isiyo Kiingereza unavikwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako umvishe. Mtu mwenye kigugumizi anayejaribu kuepuka kibao kwa Kiingereza anagundua njia rahisi kuliko zote. Ananyamaza. Nilinyamaza karibu kidato cha pili chote.

Kwa hiyo niliposoma habari za Taiwan niliumia kidogo, kama mtu aliyegundua jambo kuhusu mjomba anayempenda. Huyu aliyelia Bridgewater kwa sababu koo lake halikufanana na la wengine, mbona alikwenda kunyoosha makoo ya watu ambao hawakumwomba?

WENYE KIGUGUMIZI

Aliporudi Japani hakuacha. Aliingia katika baraza la juu la bunge, akaongoza tena chuo cha ualimu cha Tokyo, na zile alama za Bell hakuzisahau. Akazitumia kujaribu kurekebisha lafudhi ya watu wa kaskazini mashariki, ambao Wajapani wenzao huwacheka kwa namna wanavyosema. Kwetu ni kama mtu ajitolee kuwanyoosha wanaochanganya r na l. Kwake yeye lafudhi ilikuwa kosa la kusahihishwa, kama fa yake ya zamani.

Kisha mwaka 1903, akiwa na miaka 52, akaanzisha mjini Tokyo kituo cha kuwasaidia wenye kigugumizi. Alikiita Rakusekisha. Watu walikuja kutoka sehemu nyingi za nchi, wakafanya mazoezi ya pumzi na ya kutoa sauti, hatua kwa hatua. Aliiendeleza kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1917. Hapa kwetu Wajerumani walikuwa wameng'olewa Tabora miezi michache tu nyuma, Septemba 1916.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba kupunga upepo.

Leo wataalamu wanajua kwamba kigugumizi si tabia mbaya ya ulimi inayoondolewa kwa mazoezi kama kwata. Chanzo chake kimo pia katika ubongo, tena mara nyingi hurithiwa. Kwa hiyo Isawa hakuwa sahihi katika kila kitu. Lakini fikiria mtu ambaye maisha yake yote ameruhusiwa kukaa kimya, anaingia kwenye nyumba ambamo mzee mashuhuri, mbunge, anamketisha mbele yake na kumsubiri atoe sauti. Hamruki. Nadhani hata asiyepona alitoka na kitu.

Hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya Rakusekisha na Shizangan. Mbinu ni moja, mtu ni yuleyule, imani ni ileile ya kunyoosha ulimi. Ila kwenye nyumba ya Tokyo watu walikwenda wenyewe wakitaka kusema maneno yao. Kwenye kilima cha Taiwan walifuatwa kwao ili waseme maneno ya mwingine. Mwalimu anaweza kuwa na chaki ileile kwenye vyumba hivyo viwili asijue kwamba amebadilisha chumba.

KIPEPEO ALIYEBAKI

Baada ya Vita Kuu ya Pili vitabu vya shule vya Japani vilipitiwa upya. Mwaka 1947 wimbo wa kipepeo ulibadilishwa. Ile enzi inayostawi ikafutwa, kipepeo akabaki anacheza kutoka ua hadi ua. Hakuna mtoto aliyelalamika. Sehemu iliyobaki ni ileile iliyotoka kwa watoto wa Aichi kabla mkubwa yeyote hajaifikiria: njoo utue hapa, ukichoka hamia pale. Walichokipachika wakubwa kilidumu takribani miaka 65. Cha watoto bado kinaimbwa kila baridi inapokwisha, na Takato kwao Isawa, mahali ngome ilipobomolewa, pamejaa sakura zinazovuta umati wa watu kila Aprili.

Sisi hatuna sakura. Tuna Novemba. Mvua za kwanza zinapopiga Kipalapala, vumbi jekundu linatulia, maembe yanaanza kuiva na kumbikumbi wanatoka ardhini. Mwaka jana nilikuwa nyumbani siku hizo, na shangazi yangu anayefundisha chekechea aliniomba nimshikie darasa asubuhi moja. Aliniachia do re mi ubaoni. Watoto walipanda vizuri mpaka wakafika fa, pale wakateleza wote kwa pamoja, na mimi nikacheka peke yangu kwa sababu nilimkumbuka mtu.

Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye tangu aandikishwe hajasema neno darasani. Kwao wanaongea Kinyamwezi tu, Kiswahili bado kinamshinda, na amekwisha kuzoeleka kuwa ni bubu. Wenzake waliniambia nisimuulize, haongei. Yaani alikuwa tayari anarukwa.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Tukatoka. Penye kichuguu watoto wakachuchumaa, wakaanza kugonga ardhi kwa vijiti kuwadanganya kumbikumbi kwamba mvua bado inanyesha, huku wakiimba kuwaita watoke. Wimbo wenyewe ni wa kwao, nusu Kiswahili nusu Kinyamwezi, hakuna mwalimu aliyewafundisha. Na aliyekuwa anaanzisha, wengine wakimwitikia, alikuwa yule asiyeongea.

Niliimba nao. Wenye kigugumizi wenzangu wanajua: tukiimba hatukwami. M na b zilipita bila hodi.

Tuliporudi ndani nilifuta do re mi nikaandika ubaoni neno la kwanza la wimbo wao, kama wanavyolisema wao. Nikamwita yule mtoto anisomee. Hajui kusoma, lakini alijua limeandikwa nini, akalisema kwa sauti darasa zima likasikia. Kisha tukaanza kuzitafuta herufi zake, moja moja.